Sanadi ya Samaki

Katika miamba ya Ziwa Tanganyika wanaishi samaki wadogo wa jenasi Tropheus ambao ni weusi mwili mzima isipokuwa mkanda wa njano uliozunguka kiwiliwili. Baadhi yao huvuliwa Ikola, pwani ya mashariki ya ziwa upande wa Tanzania. Wengine huvuliwa Kiriza, ng'ambo ya pili, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkanda wa samaki wa Ikola kwa kawaida ni mpana zaidi, lakini upana huo hutofautiana kati ya samaki na samaki, na hubadilika wanavyokua. Mfugaji wa samaki wa mapambo akiletewa ndoo yenye wote wawili, na ndoo haina maandishi, macho yake peke yake hayatamtosha. Hapo ndipo swali linaloonekana la kifundi linapogeuka kuwa la kifalsafa. Ni kitu gani kinachomfanya samaki wa Ikola awe wa Ikola? Rangi yake? Umbo lake? Wazazi wake? Maji alikovuliwa? Au ni jina tu alilobandikwa na aliyemvua?

Samaki hawa ni wa jamii ya sikilidi, jamii moja na sato na perege wanaouzwa sokoni. Ziwa Tanganyika lina spishi zao zipatazo 240. Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa, ambalo Malawi huliita Ziwa Malawi, yana mamia kadhaa kila moja. Tropheus hula mwani unaoota juu ya mawe, nao hawapendi kuvuka ghuba ya mchanga wala maji ya kina kirefu. Kwa sababu hiyo kila rasi yenye miamba huwa kwao kama kisiwa, na katika ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi rasi za namna hiyo ni nyingi mno. Kina cha maji kimepanda na kushuka mara nyingi katika mamilioni ya miaka ya ziwa hilo, kikiwatenga ndugu na kuwakutanisha tena. Matokeo yake ni rangi za kimaeneo zaidi ya mia moja, kila moja ikijulikana kwa jina la kijiji au rasi yake: Ikola, Moliro, Ilangi, Kasanga, Chaitika, Bulu. Spishi zenye majina rasmi ya kisayansi katika jenasi hiyo hazifiki kumi. Kati ya namba hizo mbili, mia na kumi, ndipo penye ubishi wote.

Mtu anayetaka kuwatenganisha samaki wanaofanana huanza na alama za mwilini, na zipo zinazoaminika. Mfano ni Cyphotilapia, yule samaki mkubwa mwenye nundu kwenye paji la uso na mistari myeusi iliyosimama ubavuni. Kwa karibu karne nzima wote walihesabiwa kuwa spishi moja, Cyphotilapia frontosa, iliyoelezwa mwaka 1906. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Japani, Takahashi na Nakaya, waliwatenga samaki wa kusini mwa ziwa na kuwapa jina Cyphotilapia gibberosa. Hoja yao kubwa haikuwa nundu wala rangi ya buluu inayowavutia wanunuzi, bali safu za magamba kati ya mistari miwili ya hisia ya ubavuni, wa juu na wa chini: samaki wa kaskazini wana safu mbili, wa kusini wana tatu. Hilo ni jambo la kuhesabu kwa sindano na kioo cha kukuzia. Vivyo hivyo, katika Tropheus wapo wenye miba minne kwenye pezi la mkundu, na wapo wenye mitano au sita.

Alama nyingine ni nyepesi kuonekana lakini ni nzito kutafsiri. Neolamprologus brichardi na Neolamprologus pulcher ni samaki wembamba wenye mapezi marefu kama nyuzi, na kinachowatofautisha ni wino mweusi juu ya kifuniko cha matamvua. Kwa brichardi kuna mstari wa kulala unaotoka nyuma ya jicho na doa mwishoni. Kwa pulcher kuna mistari miwili iliyosimama, iliyopinda kama mwezi mwandamo. Mwenye picha mbili mkononi ataona tofauti hiyo ni dhahiri. Mwenye samaki mia kutoka pwani ishirini ataona alama moja ikiyeyuka kuwa nyingine. Wanasayansi wenyewe wamesitasita. Mwaka 1952 wataalamu Trewavas na Poll waliwaeleza wote wawili kama nususpishi za samaki mwingine, savoryi. Baadaye wakapandishwa kuwa spishi kamili. Na wako wataalamu wanaoona kwamba hawa wawili wangerudishwa kuwa kitu kimoja.

Rangi ndiyo humhadaa mtu kuliko alama nyingine yoyote. Dume aliyeshindwa vita hufifia ndani ya dakika chache. Samaki mwenye hofu huonyesha mistari ambayo hana akiwa ametulia. Chakula hukoleza wekundu, nao hupungua chakula kikibadilishwa. Tropheus duboisi mchanga ni mweusi mwenye vidoa vyeupe mwili mzima kama anga la usiku, naye akikua vidoa hivyo hutoweka na kumwachia kichwa cha kibuluu na mkanda shingoni. Asiyejua angeapa kwamba mtoto na mzazi ni viumbe wawili wasiohusiana. Kwa Aulonocara wa Ziwa Nyasa, madume yana rangi za tausi na majike ya spishi tofauti ni ya kijivu yanayofanana kiasi kwamba wafugaji makini hawaweki majike ya aina mbili katika tangi moja hata siku moja. Na kuna jambo moja zito zaidi: samaki wa kwanza waliopelekwa Ulaya kupewa majina walifika wakiwa ndani ya alkoholi. Alkoholi huhifadhi mifupa, magamba na weusi. Wekundu na unjano huuyeyusha. Wataalamu wa makumbusho walitoa hukumu juu ya viumbe waliokwisha kupoteza kile kile ambacho viumbe hao, walipokuwa hai, walikitumia kutambuana.

Swali la kama aina zipo kweli au ni kazi ya akili limekuwepo tangu zamani. Plato alimfananisha mwenye fikra na mchinjaji stadi, anayemgawa mnyama kwa kupitisha kisu penye kiungo bila kuvunja mfupa. Dai lililomo humo ni kwamba dunia ina viungo, na kazi ya akili ni kuvipapasa na kuvipata. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwenda mbali zaidi. Alifundisha kwamba ufarasi ukitazamwa wenyewe hauna hesabu. Umoja na wingi huuingia baadaye, unapopatikana katika farasi huyu au katika akili ya mtu anayemfikiria. Karne nyingi baada yake John Locke alishika upande wa pili: mipaka ya aina huchorwa na watu, ambao hukusanya sifa wanazoziona na kuzifunga kwa jina, na asili haina lawama mtu mwingine akifunga mafungu tofauti. Charles Darwin mwaka 1859 alikuwa karibu na Locke kuliko inavyokumbukwa, kwa kuwa hakuona mstari thabiti kati ya spishi na aina ndogo yenye alama kali.

Lugha za wavuvi zinaonekana kumuunga mkono Locke. Mwanza, mamia ya spishi za sikilidi wadogo wa Ziwa Victoria huitwa kwa jina moja: furu. Wajaluo wa Kenya huwaita fulu, na Waganda huwaita nkejje. Ngege na mbiru walipata kila mmoja jina lake kwa sababu kila mmoja alikuwa na thamani yake wavuni na sufurini. Furu walifanya kazi moja, wakapewa jina moja. Aina hapa zimekatwa na mahitaji ya mtu.

Hata hivyo hoja ya Locke inakwama kwa shahidi ambaye hakumfikiria. Furu jike hana jina la mtu yeyote kichwani. Akiwa mbele ya madume wa kila rangi, humchagua mmoja na kuwaacha wengine, na kwa kuchagua hivyo anatia mpaka ambao hakuna binadamu aliyeuchora. Mpaka unaolindwa na kiumbe asiye na msamiati hauwezi kuwa zao la msamiati. Hilo ndilo wazo lililompa mwanabiolojia Ernst Mayr fasili yake ya mwaka 1942, inayofundishwa mashuleni hadi leo: spishi ni makundi ya viumbe yanayozaana yenyewe kwa yenyewe katika mazingira yake ya asili, na yasiyozaana na makundi mengine ya namna hiyo.

Fasili hiyo ni njema pale samaki wanapokutana. Tropheus wa Ikola na wa Kiriza hawakutani. Kati yao pana upana wote wa ziwa. Kuuliza kama wangezaana ni kuuliza juu ya tukio ambalo halijatokea. Mtu anaweza kuwatia katika tangi moja na kusubiri, na mara nyingi watazaa, lakini jibu hilo halina uzito. Katika kioo cha lita mia tatu, bila mwenzake mwingine wa kumchagua, jike huzaa na aliyepo. Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu, majike yakipewa madume wa rangi tofauti, yameonyesha kwamba baadhi ya makundi ya Tropheus huwatambua wa kwao na mengine hayajali sana. Kwa hiyo hata shahidi huyu mzuri hutoa ushuhuda wa kiasi: mpaka upo, una unene, na pengine umekuwa mwembamba kama uzi.

Hakuna mahali ambapo unene huo umepimwa vizuri kuliko katika Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria na visiwa vya jirani. Huko wanaishi furu wawili wa miambani ambao sayansi imewapa majina ya Kiswahili na ya Kitanzania: Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Wa pili alielezwa mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Jenasi yenyewe, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya mistari iliyosimama ubavuni, iliundwa mwaka 1998. Dume la pundamilia ni la kibuluu. Dume la nyererei lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Majike ya wote wawili ni ya rangi ya majani makavu, na kuyatofautisha ni kazi ngumu.

Katika Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, buluu huishi karibu na uso wa maji na wekundu huishi chini zaidi, wala hawachanganyiki. Mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walitafuta kinachowazuia. Waliwaweka majike ya nyererei mbele ya madume wa rangi zote mbili chini ya mwanga wa kawaida, nao wakawachagua wekundu. Kisha wakabadilisha taa wakaweka mwanga wa rangi moja, ambao chini yake buluu na wekundu hawaonekani tofauti, na upendeleo ukatoweka. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walionyesha kwamba hata macho ya samaki hawa yametofautiana. Mwanga unaofika chini katika ziwa hilo huwa umepoteza buluu na kubaki na wekundu zaidi, na samaki wa chini wana chembe ya jicho iliyoelekea upande huo wa upinde wa rangi. Kila mmoja anamwona vizuri zaidi mchumba wa kina chake.

Sasa msomaji aelekee kusini ndani ya ghuba, hadi Kisiwa cha Luanso, ambako maji yametibuka. Huko hakuna makundi mawili. Kuna samaki wa rangi za katikati, wanaozaana ovyo, kwa kuwa katika giza lile la tope jike haoni cha kuchagua. Fasili ya Mayr inatoa majibu mawili kwa swali moja: Makobe ni spishi mbili, Luanso ni moja. Hakuna aliyekosea. Kilichobadilika ni uangavu wa maji. Mipaka ambayo vitabu huichapa kama kwamba imepigwa mhuri inategemea mwanga wa jua kupenya mita chache, na mashamba, miji na misitu iliyokatwa kandokando ya ziwa ina uwezo wa kuifuta bila kuua samaki hata mmoja. Hili, kuliko hoja yoyote ya darasani, linapaswa kumfanya mtu aache kufikiri juu ya spishi kama vikombe vilivyopangwa kabatini. Spishi ni jambo linalotendeka. Lina haja ya kutendeka tena kila msimu wa kutaga mayai.

Kisa cha Pundamilia kina sehemu ya pili ambayo ni ya ajabu zaidi. Katika visiwa vya Python na Kissenda, ndani ya ghuba, pia kuna buluu wa juu na wekundu wa chini, nao kwa macho ni wale wale wa Makobe. Kwa miaka mingi walihesabiwa hivyo. Vinasaba vyao vilipokuja kusomwa, ilionekana kwamba wekundu wa Python na Kissenda si watoto wa moja kwa moja wa wekundu wa Makobe. Ni zao la mchanganyiko: nyererei walifika, wakazaana na buluu wa pale, kisha kutoka katika uchotara huo jozi ya buluu na wekundu ikajitenga upya. Sura imejirudia, ukoo haukujirudia. Mtu anayesema kwamba aina ni sura hana la kujibu hapa, maana sura moja imekuja kwa njia mbili.

Mwanabiolojia Michael Ghiselin mwaka 1974 na mwanafalsafa David Hull mwaka 1978 walipendekeza wazo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki huenda akaliona la kawaida kuliko walivyoliona wenzao. Walisema spishi haifanani na fungu la vitu vyenye sifa moja, kama vile dhahabu au pembetatu. Inafanana na kitu kimoja chenye historia: kina mwanzo, kina mahali, kinaweza kugawanyika, kinaweza kufa. Samaki hawi wa spishi fulani kwa kutimiza masharti. Huwa wake kwa kuzaliwa ndani yake. Hivyo ndivyo ukoo ulivyo. Hakuna anayekuwa wa ukoo kwa kuwa na pua ya babu. Anaweza kuikosa pua hiyo na bado akawa mjukuu, na mpita njia anaweza kuwa nayo bila kuwa ndugu wa mtu. Pua ni dalili. Nasaba ndiyo yenyewe. Magamba ya Cyphotilapia na wino wa brichardi ni dalili za namna hiyo: zinastahili kuhesabiwa kwa bidii, ila mahali pake ni pa ushahidi.

Neno la Kiswahili linalotumika katika Biblia kwa aina za viumbe, jinsi, lina hekima ambayo ni rahisi kuipita. Lilikuja kupitia Kiarabu, nacho kililipata kutoka genos la Kigiriki, lenye maana ya kizazi na ukoo. Katika Kiswahili limeongeza maana nyingine, ile ya namna ya kufanya jambo: jinsi anavyokula, jinsi anavyolea. Kwa furu maana hizo mbili hazitengani. Kina anamoishi, mwanga anaouona, dume analolichagua, namna anavyotamia mayai mdomoni: jinsi ya kuishi ndiyo inayoihifadhi jinsi. Waumini waliosoma katika Mwanzo kwamba viumbe viliumbwa kila kimoja kwa jinsi yake, na kuhitimisha kwamba mipaka ya aina haiwezi kusogea kamwe, wameongeza sharti ambalo andiko halikuliweka. Andiko linathibitisha kwamba aina zipo. Halisemi mpaka wa kila moja unapita wapi, wala kwamba hauna historia.

Juu ya majina, vitabu viwili vinavyosomwa zaidi Afrika Mashariki vina simulizi mbili. Katika Mwanzo, wanyama wanaletwa mbele ya Adamu ili ionekane atawaitaje; jina ni kazi ya mtu, lakini kiumbe lazima awepo mbele ya macho kwanza. Katika Sura ya Al-Baqara, Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina. Jina ni elimu iliyopokewa, na aliyepokea atadaiwa. Simulizi hizi hazisemi jambo moja na hakuna faida ya kuzilazimisha. Lakini kila moja inaangaza upande wake wa kazi hii. Sayansi ya kuainisha viumbe imeshika desturi ya kwanza kwa uaminifu: kila jina la spishi limefungwa kwenye mwili halisi uliohifadhiwa, ambao ndio kielelezo cha jina. Tropheus moorii alielezwa na mtaalamu Boulenger mwaka 1898 kutokana na samaki waliokusanywa na J. E. S. Moore, na ubishi wowote juu ya nani hasa anastahili kuitwa moorii hurudi kwa samaki wale wa zamani, waliopauka rangi.

Ndiyo maana jina halihitaji kuwa maelezo ya kweli. Samaki wa njano mno anayejulikana na wafugaji dunia nzima, Labidochromis caeruleus wa Ziwa Nyasa, ana jina lenye maana ya buluu. Mtaalamu Fryer alipomwandika mwaka 1956 alikuwa na samaki wa Nkhata Bay, ambako hawana unjano huo. Wa njano wanatoka kaskazini zaidi katika pwani hiyo hiyo. Jina halikugeuka uongo kwa sababu hiyo. Mwanafalsafa Saul Kripke, katika mihadhara yake ya mwaka 1970, alieleza kwamba jina humfikia mlengwa wake kwa mnyororo: mmoja alilitoa, mwingine akalipokea kwake, akampasia wa tatu, na kila mpokeaji akikusudia kulitumia kwa kitu kile kile alichokusudia aliyempa.

Wasomi wa Kiislamu walikuwa na elimu kamili ya minyororo kama hiyo kabla ya Kripke kwa zaidi ya miaka elfu. Hadithi ya Mtume ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi walioyafikisha. Wahakiki kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870, waliuliza kama kila mpokezi alikutana kweli na aliyemtaja, kama alikuwa mwaminifu, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzuri. Maneno yanaweza kuwa mazuri na maana yake ikawa njema, lakini sanadi ikiwa imekatika hayahesabiwi kuwa ya Mtume kwa yakini. Uzuri wa matini hauzibi pengo la sanadi.

Samaki wa mapambo yuko katika hali hiyo hiyo. Rangi na magamba ni matini yake. Sanadi yake ni maelezo kwamba alivuliwa mahali fulani, akapitia kwa msafirishaji fulani, au alizaliwa na wazazi waliovuliwa hapo na hawakuchanganywa. Mfugaji anayeandika "Tropheus, Ikola" kwenye kibandiko cha tangi ameandika kitu cha kuaminika zaidi kuliko anayebishana usiku kucha kama huyo ni moorii au ni spishi isiyo na jina bado. Majina ya spishi yatahaririwa. Brichardi na pulcher wanaweza kuunganishwa kesho na kutenganishwa keshokutwa. Habari kwamba samaki huyu alitoka kwenye miamba hii haitahaririwa na mtu, na kila uainishaji ujao utaihitaji. Kibandiko kikipotea, hakuna hesabu ya magamba itakayokirudisha. Kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia, pale tu ambapo sampuli za ziwani zenye asili inayojulikana zipo za kulinganisha nazo. Yaani sanadi moja huokolewa na nyingine.

Kutokana na hilo hufuata desturi ambazo kwa mgeni huonekana za kupindukia. Samaki wa rasi mbili tofauti hawawekwi tangi moja, hata kama wote ni wa spishi moja kwa jina rasmi. Hapo hatari ni kubwa zaidi pale wanapofanana sana, kwa kuwa chotara wao hawatatambulika. Ikola na Kiriza wakizaa pamoja, watoto watakuwa weusi wenye mkanda wa njano, na mnunuzi hatajua. Samaki aliyetiliwa shaka huuzwa kwa maneno hayo, kwamba ana shaka.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya ukali huu. Vinasaba vya furu wa Ziwa Victoria vimeonyesha kwamba ukoo wao wote ulianzia katika uchotara wa kale, baina ya samaki wa upande wa Mto Kongo na wa upande wa Nile ya juu. Ziwa lenyewe lilikauka na kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na mamia ya spishi yametokea kutoka katika mchanganyiko huo. Wekundu wa Python ni watoto wa mchanganyiko pia. Ikiwa uchotara umezaa utajiri mkubwa kiasi hiki, kwa nini uwe kosa ndani ya kioo?

Jibu ni kwamba usafi wa damu haukuwa hoja tangu mwanzo, na wafugaji wanaozungumza kana kwamba ndiyo hoja wamejenga juu ya mchanga. Uchotara wa ziwani ulipimwa na ziwa: mwanga, kina, chakula, adui na uchaguzi wa majike kwa maelfu ya vizazi viliamua nini kibaki. Chotara wa tangini hakuulizwa chochote isipokuwa kama anapendeza. Samaki wa madoadoa wanaouzwa kama tausi wa Nyasa, waliotokana na kuchanganya Aulonocara na mbuna, yaani sikilidi wa miambani wa ziwa hilo, wana uhai kamili na wanastahili maji safi na chakula kizuri kama samaki yeyote. Hawana ziwa, basi. Kosa huingia pale tu mtu anapowapa jina la mahali ambapo hawakutoka. Hilo ni kosa la ushahidi, na kwa vipimo vya wahakiki wa hadithi lina jina kali: kuzua.

Uzito wa jambo hili uko wazi zaidi Mwanza. Sangara, mla samaki wenzake, aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 alipozidi kuongezeka, furu wa maji ya wazi na ya matope walianguka kwa kasi. Wataalamu hukadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi ya furu waliochukuliwa kabla ya hapo wanaendelea kuzaliana katika matangi ya taasisi na bustani za wanyama za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wajukuu wa wajukuu wa samaki wachache walionyanyuliwa kwa wavu. Wanaowatunza huandika tangi kwa tangi, kizazi kwa kizazi: nani alizaa, na nani, kutoka kundi lipi. Majike huhamishwa peke yao, yakiwa na mayai mdomoni, na wavu uliotumika tangi moja hautumbukizwi katika lingine kabla ya kukaguliwa kama kifaranga hakikunasa kwenye matundu yake.